Simu, Mahakama na Siri ya Mtu

Katika somo hili tutasoma habari za mama mmoja aliyekwenda mahakamani kudai matunzo ya watoto wake. Jina lake hatutalitaja, wala jina la kijiji chake. Tutamwita mama tu. Hadithi yenyewe ni ya kutunga, lakini mambo yaliyomo hutokea vijijini. Sheria na miaka tutakayoitaja ni ya kweli.

Ndugu mwanakisomo, soma polepole. Ukikuta neno gumu, litafute mwisho wa somo. Kisha jadili maswali na wenzako.

1. Haki hupotea njiani

Mama alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni binti wa miaka 12. Wa pili ni mvulana wa miaka 7. Baba yao alikwenda mji wa mbali kufanya kazi ya udereva. Mwanzoni alituma fedha kila mwezi kwa simu. Baadaye alituma mara moja moja. Mwisho aliacha kabisa.

Mama alilima mahindi na alizeti. Chakula kilipatikana. Lakini daftari, sare na dawa zilihitaji fedha taslimu. Alimpigia baba watoto simu mara nyingi, naye hakupokea. Siku alipopokea alisema, "Huyo binti si mtoto wangu. Mtafute baba yake." Mama alilia usiku ule. Maneno yale hakumwambia mtu.

Wazee wa ukoo waliitisha kikao mara mbili. Baba hakutokea. Mwenyekiti wa kitongoji alimwambia mama, "Mwanangu, sisi tumefika mwisho wa uwezo wetu. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Yeye atakuonyesha njia ya mahakama."

Mama aliogopa. Mahakama ilikuwa mbali, kilomita 40. Alimkumbuka jirani yake aliyewahi kudai haki yake miaka ya nyuma. Jirani yule alikwenda mahakamani mara ya kwanza, akaambiwa karani amesafiri. Akaenda mara ya pili, akaambiwa kesi imeahirishwa. Akaenda mara ya tatu, jalada halikuonekana. Aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli. Kisha akachoka, akaacha.

Watu wa namna hiyo ni wengi. Haki yao haikupotea mbele ya hakimu. Ilipotea njiani.

2. Njia imefupishwa

Siku hizi njia ya kwenda mahakamani imeanza kuwa fupi. Hapa Tanzania mambo haya yamefanyika:

Mwaka 2018 zilitungwa kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kompyuta. Mtu aweza kupeleka karatasi zake mahakamani bila kuzibeba mkononi.

Mwaka 2019 ilizinduliwa Mahakama Inayotembea. Hili ni gari kubwa lenye chumba cha mahakama ndani yake. Magari hayo yalianza kazi Dar es Salaam na Mwanza. Badala ya mtu kuifuata mahakama, mahakama humfuata mtu.

Mwaka 2021 zilitungwa kanuni za kusikiliza mashauri kwa video. Shahidi aliye mji mwingine aweza kuonekana na kusikika bila kusafiri.

Mwaka huo huo wa 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama za Mwanzo zilikwisha kutumia Kiswahili tangu zamani. Lakini katika mahakama za juu kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, na wananchi wengi hawakuweza kuzisoma.

Ada nazo hulipwa kwa simu. Mtu hupewa namba ya malipo ya serikali, ambayo wengi huiita kontroli namba. Fedha huingia serikalini moja kwa moja. Hazipiti mfukoni mwa mtu.

Haya yote ni mambo mema. Mtu maskini akipunguziwa safari tatu, amepunguziwa mbuzi wawili. Lakini njia fupi nayo ina miiba yake. Tuendelee na hadithi yetu tuione.

3. Katika duka la stesheneri

Afisa ustawi wa jamii alimsikiliza mama vizuri. Alimwambia, "Mama, shauri la matunzo ya mtoto husikilizwa na Mahakama ya Watoto. Maombi yako yataandikwa, halafu yatapelekwa kwa kompyuta. Nenda mahakamani, karani atakusaidia."

Mama aliwaza nauli. Pale senta palikuwa na duka la stesheneri. Kijana mmoja alikuwa akipiga chapa barua za watu na kutoa kopi. Mama akaona afadhali aende kwa kijana huyo.

"Shikamoo mama," alisema kijana.

"Marahaba mwanangu. Nataka unipelekee maombi yangu mahakamani."

"Hiyo ni kazi ndogo. Kitambulisho cha taifa unacho?"

"Ninacho."

"Na simu?"

"Ninayo, lakini ni ya kitochi tu."

"Basi nitaandika namba yangu mimi. Ujumbe ukija nitakuambia. Na neno la siri nitalitunga mimi, maana wewe utalisahau."

Mama alishukuru. Alimweleza kijana habari zake zote. Kijana alipiga chapa. Karatasi ilitaja jina la mama, jina la baba, majina ya watoto na shule yao. Ilisema pia kwamba baba anamkana mtoto wa kwanza. Mama alikuwa ameanza kisomo mwaka ule. Aliweza kuandika jina lake, lakini kusoma ukurasa mzima kulimchukua muda. Nyuma yake watu walikuwa wamepanga foleni. Akaona haya. Akatia sahihi bila kusoma, akalipa, akarudi nyumbani.

Siku ile mama aliacha vitu vitatu dukani. Aliacha karatasi yake ndani ya kompyuta ya mtu mwingine. Aliacha shauri lake kwenye namba ya simu ya mtu mwingine. Aliacha neno la siri kichwani mwa mtu mwingine.

4. Siku ya gulio

Zilipita wiki tatu. Jumamosi moja mama alikwenda gulioni kuuza alizeti. Alipokaribia, wanawake waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Mmoja akacheka chini chini. Mama hakuelewa.

Jumatatu binti alirudi kutoka shule kabla ya saa sita. Alitupa mfuko wa daftari chini.

"Mama, ni kweli baba amesema mimi si mtoto wake?"

"Nani amekuambia maneno hayo?"

"Yako kwenye simu. Kaka yake rafiki yangu anayo karatasi. Ina jina langu na jina la shule. Darasa zima limesoma."

Toka siku ile binti alikataa kwenda shule.

Mama alikwenda dukani. Kijana alipoulizwa aliinama. Alisema kwamba alikuwa hajui vizuri kuandika maombi ya mahakama. Kwa hiyo alimtumia rafiki yake karatasi ile kwa simu, amwambie kama imekaa sawa. Rafiki akaipeleka kwenye kundi la WhatsApp. Kutoka hapo ikaenda kila mahali.

"Mama, sikukusudia," alisema kijana.

"Hukukusudia, mwanangu. Lakini binti yangu amekaa ndani siku ya nne leo."

Kijana akazidi kuinama. Kisha akasema neno jingine. Ujumbe wa mahakama ulikuwa umeingia kwenye simu yake. Ulitaja tarehe ya shauri. Alikuwa na kazi nyingi, akasahau kumwambia mama. Tarehe yenyewe ilikwisha pita siku kumi.

Mama alikaa chini kwenye kibaraza cha duka. Siri yake ilikuwa imefika kwa watu wote. Ujumbe wake ulikuwa haujamfikia yeye.

5. Mbele ya hakimu

Kesho yake mama alikopa nauli akaenda mahakamani. Karani alifungua kompyuta akaona kwamba maombi yameondolewa, kwa sababu mwombaji hakufika.

"Namba hii ya simu ni yako, mama?" aliuliza karani.

"Siyo yangu. Ni ya kijana wa dukani."

Karani alimweleza la kufanya. Kwanza, alibadili namba na kuandika namba ya mama mwenyewe. Pili, alimsaidia kutunga neno la siri jipya. Mama aliliandika kwenye karatasi ndogo, akaihifadhi mahali pa usalama nyumbani. Tatu, alimwambia aombe shauri lirudishwe na aeleze sababu ya kutofika. Hakimu alisoma sababu, akakubali.

Siku ya shauri ilipofika, mama alishangaa. Watu wengine wote walitolewa nje. Walibaki hakimu, karani, afisa ustawi wa jamii na mama. Baba alikuwa mji wa mbali, zaidi ya kilomita 500. Hakimu aliruhusu azungumze kwa video akiwa katika chumba cha mahakama ya huko. Kabla ya kuanza, hakimu alimwuliza baba, "Uko na nani humo chumbani?" Akaagiza kamera izungushwe ili aone pembe zote. Mtu mmoja alikuwa amekaa nyuma. Akaambiwa atoke.

Baba alirudia maneno yake kwamba binti si wake. Ndipo mama alipotoa simu yake ya kitochi. Ndani yake alikuwa ametunza ujumbe wa zamani. Miaka mitatu nyuma baba alikuwa ameandika hivi: "Nimetuma elfu hamsini, ada ya binti yangu. Mwambie asome."

Hakimu aliusoma ujumbe ule. Akaangalia namba na tarehe. Akamwuliza baba, "Namba hii ni ya nani?"

Baba alikaa kimya. Kisha akajibu, "Ni yangu."

Hakimu alimweleza kwamba mahakama inaweza kuagiza kipimo cha kitaalamu kama bado ana shaka. Baba akasema hakuna haja. Mahakama ikaamuru atoe matunzo kila mwezi kwa watoto wote wawili. Fedha zipitie kwenye simu, ili kila malipo yabaki na kumbukumbu.

Afisa ustawi wa jamii alifuatana na mama mpaka dukani. Karatasi ilifutwa kwenye kompyuta na kwenye simu ya kijana. Aliwaita na vijana wa lile kundi, akawaeleza sheria, nao wakafuta. Lakini nani ajuaye karatasi ile ilikuwa imefika kwenye simu ngapi? Maji yakimwagika hayazoleki.

Fedha zilianza kuja. Binti alirudi shule. Lakini mpaka leo, akiona wenzake wamekusanyika kwenye simu moja, hupita mbali.

Ndiyo sababu hatukutaja jina lake wala la mama yake. Hata katika hadithi ya kutunga, ni vizuri tujizoeze.

6. Mahakama ya wazi na mahakama ya faragha

Huenda mtu akauliza, "Kwa nini watu walitolewa nje? Mahakama si ya wananchi wote?"

Swali hili ni zuri. Kwa kawaida mahakama huwa wazi. Mwananchi yeyote aweza kuingia, akakaa kimya, akasikiliza. Sababu yake ni hii: hakimu anayefanya kazi mbele ya macho ya watu huogopa kupendelea. Naye mshtakiwa hawezi kuhukumiwa gizani. Uwazi ni ulinzi wa mnyonge.

Teknolojia imeupanua uwazi huo. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ya Tanzania huwekwa kwenye tovuti iitwayo TanzLII. Mtu yeyote huzisoma bila malipo. Na kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi za uchaguzi wa rais za mwaka 2013, 2017 na 2022 huku televisheni ikionyesha. Mwaka 2017 mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa rais. Watu waliona kwa macho yao majaji walivyosoma uamuzi. Kesi ya namna hiyo ni ya taifa zima, na inafaa taifa zima lione.

Lakini kesi ya mtoto si ya taifa zima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka Mahakama ya Watoto ikae faragha. Wanaokuwamo ni wale wanaohusika tu. Tena ni kosa kutangaza habari zinazoweza kumtambulisha mtoto. Hata katika hukumu za mahakama za juu, mara nyingi jina la mtoto aliyetendewa uovu halitajwi. Huandikwa herufi chache tu.

Zamani, mtu aliyesikia kesi mahakamani alisimulia kwa majirani. Baada ya mwaka mmoja watu walisahau. Sasa karatasi ikiingia kwenye simu haisahau. Mtoto atakua, ataolewa au ataoa, ataomba kazi, na karatasi bado itakuwapo. Kwa hiyo mlango wa faragha unahitaji kufungwa kwa nguvu zaidi kuliko zamani.

Sheria imeliona jambo hili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayechukua habari zako kwa kazi fulani lazima azitumie kwa kazi hiyo tu. Hana ruhusa ya kuzigawa. Habari za watoto zimewekewa ulinzi wa pekee. Ukionewa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

7. Mambo saba ya kukumbuka

Kwanza. Tumia namba yako ya simu. Usikubali shauri lako liandikwe kwenye namba ya mtu mwingine. Kama huna simu, tafuta ndugu unayemwamini, na mwambie karani kwamba namba hiyo ni ya ndugu yako.

Pili. Neno la siri na namba ya siri ni vyako peke yako. Ni kama ufunguo wa ghala. Huwezi kumwachia mpita njia ufunguo wa ghala ukategemea mahindi yabaki.

Tatu. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Kama unasoma polepole, soma polepole. Foleni itangoja. Kama huwezi, mwambie mtu unayemwamini akusomee kwa sauti ndogo, mahali pasipo na watu.

Nne. Ukipigisha chapa karatasi dukani, usiondoke kabla haijafutwa. Sema hivi: "Nionyeshe karatasi yangu. Sasa ifute mbele yangu." Hilo si jambo la aibu. Wewe umelipa, na karatasi ni yako.

Tano. Lipa ada kwa namba ya malipo ya serikali tu. Mtu akikuambia, "Nitumie kwenye simu yangu, nitakulipia mahakamani," jihadhari. Omba stakabadhi kila mara.

Sita. Tunza ujumbe wa simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi. Haukataliwi kwa sababu tu uko kwenye simu. Lakini hakimu atataka kujua umetoka kwa nani na ulitunzwa namna gani. Usiubadilishe wala usiongeze neno.

Saba. Usikose tarehe. Usipofika, shauri lako laweza kufutwa. Na ukiwa hukuridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Hesabu siku hizo kwenye kalenda. Usizihesabu kichwani.

Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, usikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa mtu asiye na uwezo ni ya bure. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Naye asiyejua kompyuta asiogope kwenda mahakamani kwa miguu. Kompyuta ni njia mojawapo. Mlango wa mahakama bado uko wazi, na karani yupo kwa ajili ya kumsaidia mwananchi.

8. Kusoma saa ya kwenye simu

Jambo hili limewaponza watu wengi. Kwenye simu na kwenye kompyuta saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Sisi huhesabu kuanzia kuchwa na kucha kwa jua. Tazama:

08:00 ni saa mbili asubuhi.
09:00 ni saa tatu asubuhi.
11:30 ni saa tano na nusu asubuhi.
14:00 ni saa nane mchana.

Mtu akiambiwa afike 09:00, akidhani ni saa tisa mchana, atakuta mahakama imekwisha kumaliza shauri lake. Ukiwa na shaka, piga simu au muulize karani.

9. Maneno mapya

Faragha: hali ya kuwa mahali pasipo na watu wengine, hali ya jambo kutojulikana na wasiohusika.

Jalada: mkusanyo wa karatasi zote za shauri moja.

Matunzo: chakula, mavazi, dawa, elimu na mahitaji mengine anayopaswa kupewa mtoto.

Neno la siri: neno linalofungua habari zako kwenye kompyuta au simu.

Rufaa: kupeleka shauri mahakama ya juu kwa kutoridhika na uamuzi.

Taarifa binafsi: habari zinazomhusu mtu mwenyewe, kama jina, namba ya kitambulisho, ugonjwa au mambo ya familia.

Tovuti: mahali kwenye intaneti panapowekwa habari za ofisi au shirika ili watu wazisome.

Ushahidi: maneno au kitu kinachoonyesha ukweli wa jambo mbele ya hakimu.

10. Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mama hakwenda moja kwa moja kwa karani wa mahakama? Kama ungekuwa wewe, ungefanyaje?

2. Mama aliacha vitu gani vitatu dukani? Kila kimoja kilileta madhara gani?

3. Kijana wa dukani hakukusudia ubaya. Je, ana kosa? Na wale walioipokea karatasi wakaipeleka kwa wengine, wana kosa gani?

4. Simu ilimdhuru mama, na simu ilimsaidia mama. Eleza namna zote mbili.

5. Taja kesi moja ambayo yafaa watu wote waisikilize, na moja ambayo yafaa isikilizwe faragha. Toa sababu.

6. Leo mtu akikuletea kwenye simu karatasi ya kesi ya jirani yako, utafanya nini?

11. Zoezi la kusoma na kuandika

Ujumbe huu ni wa mfano. Usome kimya, kisha jibu maswali kwenye daftari lako.

"Shauri lako la matunzo litasikilizwa tarehe 14 mwezi huu, saa 09:00, chumba namba 2. Njoo na kitambulisho. Usimpe mtu mwingine neno lako la siri."

(a) Shauri litasikilizwa tarehe gani?
(b) Ni saa ngapi kwa saa yetu?
(c) Utabeba nini?
(d) Unakatazwa kufanya nini?

Kisha andika sentensi tatu utakazomwambia mtu wa dukani kabla hajaanza kupiga chapa karatasi yako. Zisome kwa sauti mbele ya darasa.

Yule mama wa hadithi yetu aliendelea na kisomo. Siku moja simu yake ililia akiwa shambani. Alisimamisha jembe akaisoma mwenyewe, neno kwa neno. Baba watoto alikuwa ametuma fedha za mwezi. Mama akairudisha simu mfukoni, akaendelea kupalilia. Safari hii hakuhitaji mtu wa kumsomea.